Kache ya Drupal: uzoefu wangu kwenye tovuti ya habari

Nasimamia tovuti ya habari inayoendeshwa kwa Drupal, mfumo wa kuunda na kusimamia tovuti. Kinachonifanya nisihamie mfumo mwingine ni namna inavyotunza kache (nakala za kurasa na data zilizokwisha kuandaliwa) na kuitoa inapohitajika.

Tangu toleo la 8, lililotoka Novemba 2015, kila kinachoingia kwenye kache kinaweza kubandikwa lebo. Makala namba 5 ina lebo node:5. Mhariri akisahihisha takwimu ndani yake, Drupal inabatilisha, yaani inahesabu kuwa kimepitwa na wakati, kila kilichobeba lebo hiyo: ukurasa wenyewe na orodha zote ambamo makala hiyo inaonekana. Vingine, isipokuwa orodha za makala kwa jumla, haviguswi. Kwenye kazi ya habari hilo ndilo ninalolitaka, maana kosa lililokwisha kusahihishwa halipaswi kuendelea kusomwa.

Ukiandika moduli yako (programu ndogo ya kuiongezea Drupal kazi), utamu uko kwenye kuchukua data. Unaita \Drupal::cache()->get('viwango_vya_fedha'). Ikiwepo, unarudishiwa obijekti, na data yako iko kwenye ->data. Isipokuwepo unapata FALSE, basi unaitafuta upya na kuihifadhi kwa set. Wengi huishia hapo. Lakini get inapokea pia TRUE baada ya jina, na hapo inakupa hata data iliyobatilishwa, ilimradi haijafutwa. Viwango vya fedha za kigeni ninavivuta kutoka seva ya nje. Seva hiyo isipojibu, msomaji anaona viwango vya mwisho na saa vilipochukuliwa, si nafasi tupu. Angalia tu kwamba data uliyoiwekea muda wa kuisha hufagiliwa na cron, kazi inayojiendesha kwa ratiba, muda huo ukipita. Kwa hiyo mimi naihifadhi bila kikomo, kisha naibatilisha kwa lebo.

Nisichokipenda ni kwamba moduli ya Internal Page Cache, inayowahifadhia kurasa nzima wageni wasio na akaunti, haifuati max-age (muda wa kukaa kwenye kache) ya vipande vilivyomo ndani ya ukurasa. Kisanduku ulichokipa dakika tano kinaweza kumwonyesha mgeni asiye na akaunti mambo ya jana. Anayetegemea muda kuliko lebo alijue hili mapema.

Na tafadhali, msikimbilie amri ya drush cr kila mara. Inafuta kache yote, na seva ya bei nafuu inalemewa wasomaji wakiwa wengi. Fungua kwanza zana za kivinjari, tazama kichwa cha X-Drupal-Cache kwenye jibu la seva: kikisema MISS, ukurasa huo haukutoka kwenye kache ya kurasa nzima, ingawa vipande vyake bado vinaweza kuwa vimetoka kwenye kache nyingine.