Gordon Smith GS1 ya mkono wa pili: gita nalisifu, duka silisamehe

Nianze na gita, maana nikianza na duka sitafika kwenye gita. Gordon Smith GS1 ni gita ambalo kila mpiga solo wa dansi aliyeko Uingereza angelitafuta kama angelijua, na wengi hawalijui. Nimelipiga harusini, kwenye vipaimara na kanisani, na kwa bei niliyolipa sijapata jingine linalotoa noti safi namna hii. Umekuja hapa kuuliza ununue au usinunue? Nunua. Ila lingekuwa suala la duka tu, ningekwambia usinunue pale hata waya wa jeki.

Vipimo vyake siandiki, yeyote anaweza kuvitafuta. Kinachofaa kujulikana ni kwamba hii ni karakana ndogo. Ilianza miaka ya 1970 huku huku upande wa Manchester, na watu wawili, Gordon Whittam na John Smith, ndiyo maana ya hilo jina. Whittam aliondoka mapema, Smith akabaki anayatengeneza miaka na miaka, mpaka mwaka 2015 karakana ilipochukuliwa na watu wa Auden, watengeneza magita wengine, ikahamia Northamptonshire. Pikapu zao, yaani zile sumaku zenye waya zinazonasa mlio wa nyuzi, walikuwa wanazisuka wenyewe. Matangazo makubwa hawakuwa nayo, na ndiyo sababu lililotumika unalipata kwa pauni mia nne na ushei, wakati la umbo hilo hilo lenye jina la Kimarekani kichwani utalilipia zaidi ya mara mbili.

Mambo mawili yalinifanya nilitake hili na si jingine.

La kwanza ni swichi. GS1 ina pikapu moja tu, karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gita, na ndani ya pikapu hiyo kuna koili mbili, yaani mizinguko miwili ya waya, zilizounganishwa kwa namna ya kufuta ule mvumo wa umeme. Sauti yake ni nene, ya roki. Lakini Gordon Smith wanakuwekea swichi ya kuzima koili moja, na ukiizima sauti inakonda pale pale, inang'aa, kila noti inasimama peke yake. Mvumo kidogo unarudi, sawa, lakini kwa mtu anayepiga solo kwenye bendi yenye sekondi solo, rizimu na besi, hiyo ndiyo sauti. Magita yote yakiwa manene, sebene likianza mnagongana na hasikiki mtu.

La pili ni nati, kile kipande chenye mifereji juu ya shingo ambapo nyuzi hupita kuelekea kichwani. Magita mengi nati yake ni ya plastiki au ya mfupa. Hawa waliweka ya shaba. Ukibana uzi kwenye freti, vile vyuma vya shingoni, nati haina kazi, lakini uzi ukiupiga wazi, bila kuubana, unalia kwa nguvu ile ile ya uzi uliobanwa. Sisi wa muziki wa kwetu nyuzi wazi tunazitumia sana, hasa kwenye rizimu.

Basi nikaona tangazo la duka moja hapa mjini linalouza magita yaliyotumika. Jina silitaji. Waliandika kwamba gita lote ni la asili, halijaguswa. Nikaenda. Kijana wa kaunta akaniangalia toka juu mpaka chini, akaniambia kama natafuta la kujifunzia, yale ya bei rahisi yako kule karibu na mlango. Sikuwa nimefungua mdomo bado. Nikamwonyesha lile la ukutani. Akalishusha bila neno, akalichomeka mwenyewe kwenye ampilifaya aliyokuwa akiipigia yeye, distoshoni, ule mkwaruzo wa roki, imejaa tele. Niliponyoosha mkono nishushe nipate sauti safi, akaniambia ile si ya wateja kuchezea. Nikapiga hivyo hivyo. Shingo ilinikaa mkononi kama nimeishika miaka yote, na kwa shingo ile nililipa.

Tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa. Siku hiyo nikaliweka kwenye ampilifaya yangu, sauti safi, rivabu kidogo, hakuna kingine. Uzi wa tatu ukawa hautulii. Nikiutyuni unakwama, halafu unaachia ghafla kwa mlio mdogo wa chuma na kupitiliza. Nautyuni upya, napiga mara chache, umeshaondoka. Mpiga besi akaacha kupiga akawa ananitazama tu. Nikasema ngoja nijaribu swichi. Juu, chini, juu. Hakuna kilichobadilika. Nene ile ile.

Nyumbani nikafungua kifuniko cha nyuma. Nyaya za pikapu zinazotakiwa kwenda kwenye swichi zilikuwa zimekatwa, ncha zake zimefungwa selotepu nyeusi. Swichi ilikuwa imekaa pale haijaunganishwa na kitu chochote. Kisha nikaitazama nati kwa taa: plastiki nyeupe, gundi imevujia pembeni, na mfereji wa uzi wa tatu umechongwa mwembamba mno hata uzi unabanwa. Shaba mtu ameing'oa. Yaani vitu viwili nilivyolifuatia gita hili ndivyo hivyo hivyo vimeondolewa, na tangazo linasema halijaguswa.

Nikarudi. Niliongea kwa adabu, na wanaonijua wanajua adabu yangu. Nikamweleza kijana yule yule, nikamfungulia kifuniko, nikamwonyesha nyaya, nikamwonyesha nati. Akaniuliza ninapiga muziki gani. Nikamwambia: dansi, rumba, muziki wa Tanzania na Kongo. Akacheka kidogo, akasema, "Kwa muziki mnaopiga ninyi hutasikia tofauti." Akageuka akaanza kumhudumia mtu mwingine.

Mnaopiga ninyi. Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile na sitayatua kirahisi. Kwanza, amewahi kuusikia wapi? Mimi nimejifunza solo kwa kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe kwenye kaseti za baba, kisha Said Mabera wa Msondo, narudisha kipande kile kile mpaka mama anakuja kuzima redio. Muziki huo hauna mahali pa kujificha. Yeye na distoshoni yake anaweza kupiga noti mbovu ikamezwa na mkwaruzo. Uzi ukiwa umelegea kidogo, nani atajua? Sisi tunapiga kavu. Solo inapanda freti ya kumi na mbili kwenda juu, nyuzi mbili mbili kwa pamoja, kwa dakika nyingi mfululizo, na watu wanacheza papo hapo wanasikia kila kidole. Uzi mmoja ukitoka hata kidogo, zile noti mbili zinapigana na ukumbi mzima unakunja uso. Kama kuna mteja katika duka lile ambaye angesikia tofauti kabla ya wote, ni mimi! Na ndiye aliyeambiwa hatasikia.

Kwa hasira ile niliamua narudisha gita. Wenzangu mlioko huku mjue haki yenu: Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kukirudisha kitu ulichouziwa na mfanyabiashara kisipolingana na walivyokieleza, na kudai fedha zako zote. Kitu kilichotumika kimo pia. Wengi tunadhani tukishanunua mkono wa pili basi imekula kwetu. Hapana. Ukinunua kwa mtu binafsi mambo ni tofauti na kinga yako ni ndogo zaidi, lakini duka ni duka. Nikamwandikia mwenye duka barua pepe, nikaweka picha za nyaya na nati, nikaitaja sheria kwa jina.

Alijibu, na alijibu haraka, hilo nampa. Akasema lirudishwe nipate fedha zangu zote. Kuhusu gharama za fundi endapo nitabaki nalo, hapana. Kuhusu maneno ya kijana wake, hakuna hata nusu sentensi. Nilikuwa nimeyaandika neno kwa neno, na akayaruka.

Sikulirudisha. Najua nilivyosema juu hapo, na mke wangu naye kaniuliza swali hilo hilo. Hata na nati ya plastiki, hata na nyaya zilizokatwa, mbao zile na shingo ile zilikuwa zinafanya kazi ambayo gita langu la zamani halikuifanya hata siku moja. Unapiga noti, inakuja mara moja. Unaiachia, inakaa. Ningelirudisha ningekuwa nimemwachia yule kijana alitundike tena ukutani na tangazo lile lile, na mtu mwingine angeuziwa uongo ule ule.

Nikampelekea fundi mmoja, mzee wa Kiingereza, anayefanyia kazi kwenye gereji ya nyumba yake. Naye aliniuliza ninapiga muziki gani, swali lile lile, lakini yeye alinipa kiti akasema nipige asikie. Nikampigia sebene bila ampilifaya. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza natumia nyuzi za unene gani, na kama mkono wangu unapiga karibu na daraja au katikati. Kwa majibu hayo akachonga nati kutoka kipande cha shaba, mfereji mmoja mmoja, anauweka uzi, anautoa, anapiga tupa tena. Pikapu akasema ni yao wenyewe, haijabadilishwa, nyaya tu ndizo zilizokatwa. Akaziunga kwa risasi na swichi ikafufuka. Akanitoza chini ya pauni mia, na hapo bado alikuwa ananiomba radhi kwa niaba ya duka lisilo lake.

Siku ya kwanza kulipiga likiwa zima ilikuwa sendofu ya binti mmoja wa Kitanzania. Bendi yetu ina mzee aliyepiga rizimu Dar miaka ya themanini, si mtu wa kusifu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba" huku macho yako kwenye gita, nami nikazima koili moja nikaanza. Katikati ya wimbo wa pili akanisogelea akasema, "Usiibadilishe hiyo. Hiyo iache hapo hapo." Usiku mzima sikuutyuni uzi wa tatu tena. Kina mama walipotoka kutunza, solo ilikuwa inasikika mpaka jikoni, na hakuna aliyeniambia niongeze sauti wala nipunguze.

Kwa hiyo nitoe alama gani? Gita, tano juu ya tano. Hapana, ngoja: kwa wale wanaotaka pikapu mbili na sauti nyingi, GS1 itawachosha, watafute GS2. Kwa mpiga solo wa kwetu, tano. Duka nilitaka kulipatia alama moja kwa kuwa mwenyewe alikubali kurudisha fedha, lakini nikikumbuka alivyoyaruka maneno ya kijana wake, sitoi hata hiyo moja.

Ukiliona GS1 mahali popote, fanya hivi kabla hujatoa fedha. Tazama nati. Ikiwa nyeupe au nyeusi, uliza shaba iko wapi, na ushushe bei. Kisha chomeka gita, weka sauti safi, na ukikataliwa kugusa ampilifaya ondoka. Chukua bisibisi ndogo ya chuma, gusa kidogo juu ya pikapu upande wa kwanza, halafu upande wa pili. Pande zote mbili zitatoa mlio wa kugonga kwenye spika. Bonyeza swichi, rudia. Upande mmoja unatakiwa kunyamaza. Usiponyamaza, kuna mtu kalifungua na kalikata, hata tangazo lisemeje.

Gharama za fundi nimemwandikia tena mwenye duka, safari hii nimeambatanisha risiti ya mzee wa gereji, na nimemtaka kijana wake aniandikie yeye mwenyewe kuhusu yale aliyoyasema. Wakijibu nitaongeza hapa chini.