TAHADHARI kwa mnaojipikia bia Uingereza: seti za bei chee zenye tarehe za kubandika

Wadau mlioko Uingereza, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili akiuza seti za bia, hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia), hamira na unga wa kusafishia vyombo, vyote kwa karibu nusu ya bei ya dukani. Jina silitaji. Halingewasaidia pia, maana malalamiko yakizidi anabadilisha namba na picha, biashara inaendelea.

Huyu si tapeli wa kula hela na kuzima simu. Mzigo unafika, tena haraka, na ndiyo sababu wapo wanaomtetea. Shida imo ndani ya mzigo.

Seti ya kawaida, kwa wasiojua, ni kopo la rojo ya kimea kilo 1.5 hadi 1.8. Unaongeza sukari na maji, unaweka hamira, unapata lita 23 hivi. Kopo aliloniuzia lilikuwa na stika safi chini, tarehe ya mwakani. Nikaibandua. Wino wa kiwandani ulikuwa umesuguliwa, lakini mwaka ulisomeka bado: 2021. Juu, chini ya kifuniko cha plastiki, pakiti ya hamira nayo ilikuwa na tarehe yake, imepita zamani. Hiyo alisahau kuigusa. Basi ukiletewa kopo, linganisha hizo tarehe mbili kabla hujatoa pesa. Rojo iliyozeeka huzidi kuwa nyeusi koponi, na seti iliyoandikwa lager, bia ya rangi ya dhahabu, ikanitolea kinywaji cha rangi ya chai ya rangi chenye ladha ya sukari iliyoungua. Hakikunidhuru. Lakini hakikuwa nilicholipia.

Nimtendee haki kidogo. Kwa sheria za huku, kuuza chakula ambacho tarehe yake ya ubora (best before) imepita si kosa, na yapo maduka yanayoweka makopo hayo kwenye rafu ya punguzo na kukwambia wazi. Kosa ni kufuta tarehe na kubandika nyingine.

Kilichoniudhi zaidi ni hamira. Pakiti halisi ya hamira kavu ya bia huwa ya gramu 11 au 11.5, imefungwa isipite hewa, ina jina la kiwanda, aina, namba ya toleo na tarehe. Fermentis, ambao ni watengenezaji wakubwa wa hamira hizi, wanaelekeza kwamba pakiti ikishafunguliwa ifungwe tena, ikae kwenye baridi ya nyuzi 4 na itumike ndani ya siku 7. Bwana huyu anachota kutoka mfuko mkubwa anaoujua yeye, anatia kwenye vifuko vya zipu, anaandika jina kwa kalamu. Utajuaje ni nini? Ukiijaribu kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo ikatoa povu, umejua tu kwamba ipo hai. Hata hamira ya mkate inatoa povu. Itachachusha pia, ila huenda isitulie chini, na bia ikabaki na ukungu na harufu ya unga mbichi.

Hopsi ndizo zinazoipa bia uchungu, kazi ile ambayo kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, inafanywa na gome la msesewe. Hewa, joto na mwanga huziharibu, kwa hiyo ukiona zimewekwa kwenye mfuko unaoonyesha ndani, achana nazo. Zikichakaa hugeuka kahawia na kunuka jibini. Mfuko wa maana unaonyesha mwaka wa mavuno na asilimia ya asidi ya alfa, ndiyo inayoleta uchungu. Bila asilimia hiyo huwezi kupiga hesabu ya uchungu: hopsi aina ya Citra huwa juu ya 10, za East Kent Goldings huchezea 5 hivi. Mwambie akutumie picha ya lebo. Huyu ukimwomba anakutumia sauti ndefu ya kukuita kaka na kukukumbusha kwamba sisi wote ni wa nyumbani.

Sasa sehemu ya hatari kweli. Anauza unga mweupe wa kusafishia vyombo kwenye mfuko usio na maandishi yoyote. Dawa za kazi hiyo ziko za aina nyingi. Nyingine zina klorini, na ikikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu. Nyingine ni metabisulfiti, ambayo mvuke wake unaweza kumbana vibaya mwenye pumu. Kama unao mfuko huo, usiutumie, usiuchanganye na chochote, usiumwage sinkini. Ulizia halmashauri yako wanapokelea wapi kemikali za nyumbani.

Malipo anayataka kwa PayPal ya ndugu na marafiki, eti tusikatwe makato. Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Ukilazimika kununua kwake, lipa kama mteja, kwa PayPal ya bidhaa na huduma. Akikataa, umeshajua.

Na kuna dada mmoja aliyemdai pesa zake akajibiwa kwamba akienda kushtaki atajichongea mwenyewe, kwa kuwa anapika pombe nyumbani. Uongo mtupu! Leseni ya kupika bia ya kunywa mwenyewe ilifutwa Uingereza tangu 1963. Kinachohitaji usajili na ushuru ni kuiuza. Kwa hiyo ripotini bila woga. Mfanyabiashara akikuuzia kitu kibovu, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukirudisha na kudai pesa zako zote. England na Wales pitieni Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wao ndio wanaopeleka taarifa Trading Standards, wakaguzi wa biashara wa halmashauri. Pigeni picha stika kabla ya kuibandua, na baada ya kuibandua pia, na msifute zile sauti zake.