Bushi za loa amu za Premio: mpira, poliyurethani au amu nzima?

Ukiulizia bushi (viungo vya mpira na chuma) za loa amu, yaani mkono wa chini unaoshikilia tairi la mbele, za Toyota Premio (toleo la 2001 hadi 2007) kwenye maduka ya spea ya Kisekka, Kampala, unaweza kuwekewa vitu vitatu: bushi za mpira, bushi za poliyurethani, au amu nzima. Kwa anayefungua gari uani kwake na kulirudisha kwenye barabara za murram, bushi nzuri za mpira ndizo chaguo letu, na bei si sababu pekee.

Kwanza hakikisha bushi ndiyo mgonjwa. Linki ya stabilaiza (kijiti cha fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) na bol jointi (kiungo cha mviringo mwishoni mwa amu) nazo hugonga kwenye matuta. Ingiza mtaimbo kati ya amu na krosmemba (boriti ya chuma chini ya injini inayobeba amu), usukume: mpira uliochanika utafunguka mdomo. Bushi kubwa ya nyuma ndiyo huwa ya kwanza kufa, maana kila unaposhika breki ndiyo inayovutwa. Hapo gari huanza kwenda upande, na tairi la mbele linalika ukingo mmoja.

Dukani, boksi si ushahidi. Hata bandia huja na boksi la kupendeza. Tazama pale mpira unapokutana na chuma. Uwe umeshikana mzunguko mzima. Ukibonyeza kwa kucha ukaona ufa, rudisha. Pima pia kipenyo cha nje kwa venia, kile kipimo cha kubana: bushi inayoingia kwenye amu bila ubishi itacheza. Nunua za pande zote mbili, yaani bushi nne.

Poliyurethani haichaniki haraka, na usukani unakuwa mkali zaidi. Lakini inazunguka juu ya grisi ya silikoni, na vumbi letu likiingia humo linageuka msasa. Baada ya hapo inalia kila tuta, na mtikisiko unafika mpaka kwenye kiti. Kwa gari la kila siku hatuipendekezi.

Amu nzima inaokoa kazi ya presi (mashine ya kusukuma bushi ndani na nje), mradi iwe mpya. Ya mtumba iliyotoka Japani ina bushi zilizozeeka pamoja na gari lililoivaa. Ukiinunua unalipia tatizo lile lile.

Sasa kazi. Weka gari juu ya stendi; jeki peke yake haitoshi. Pulizia boluti mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Bol jointi ya Premio imefungwa kwenye amu kwa boluti moja na nati mbili, kwa hiyo huna haja ya kuipiga nyundo kuitenganisha. Kwenye baadhi ya magari, boluti ya mbele upande wa gia boksi haitoki mpaka krosmemba ishushwe kidogo, na injini iwe imeegemezwa. Fundi akikupa bei bila kulikagua hilo, jiandae kwa nyongeza.

Kabla ya kutoa bushi ya nyuma, chora alama kwenye amu kuonyesha matundu ya mpira yanaelekea wapi. Ikiingia imegeuka, itakatika mapema hata kama ni ya kiwanda. Itoe kwa presi, au kwa jiliwa kubwa na vipande viwili vya bomba. Wanaochoma mpira kwa moto wanajipa moshi mbaya, na ganda la chuma bado linabaki ndani. Safisha tundu kwa msasa, paka maji ya sabuni, usipake oili, maana oili huvimbisha mpira. Sukuma ganda la nje tu. Ukisukuma bomba la katikati, unauachanisha mpira na chuma kabla gari halijaondoka uani.

Kosa linaloua bushi nyingi mpya ni kukaza boluti tairi likiwa linaning'inia. Mpira umegandishwa kwenye chuma, hauzunguki. Ukikazwa hivyo, gari likishuka chini unabaki umejipinda saa zote, na kila shimo linauongezea mpindo. Kaza kwa mkono kwanza, kisha inua amu kwa jeki karibu na bol jointi mpaka uzito wa gari uanze kuikalia, ndipo ukaze kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Boluti hizi zinataka zaidi ya niutoni-mita 100, kwa hiyo fuata kipimo cha kitabu cha gari lako. Spana fupi haifiki.

Ukimaliza, peleka gari alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa matairi, kabla ya safari ndefu. Amu ikisogea hata kidogo, pembe za tairi zinabadilika.