Hadubini ya shilingi 65,000 na mawe ya nyongo ya mama watoto

Mama watoto alipotolewa kifuko cha nyongo, daktari alinikabidhi kichupa chenye mawe 11, nikakitia mfukoni kama chenji ya daladala. Mwenyewe hakutaka hata kuyaona. Lakini mimi nimefundisha baiolojia miaka 28, ningeyatupaje?

Nikaenda Kariakoo nikanunua hadubini ndogo ya USB, ya kuchomeka kwenye laptopu. Boksi linasema inakuza mara 1000. Uongo mtupu. Niliweka rula chini yake: milimita 2 zikajaza kioo chenye upana wa sentimita 34. Piga hesabu mwenyewe, ni mara 170. Stendi nayo inatikisika mtu akipita tu sebuleni.

Hata hivyo, sijajuta. Mawe yale ni ya manjano iliyofifia, yana pande bapa kama punje za mahindi, kwa sababu yalikuwa yamebanana humo ndani. Niliyaosha, nikayakausha wiki nzima, kisha nikapasua moja kwa wembe. Lilikatika kama mshumaa, maana sehemu kubwa ni kolesteroli. Kwenye kioo nikaona kitovu cha kahawia iliyokolea, rangi ya bilirubini (rangi asilia ya nyongo) iliyoshikana na kalsiamu, na kutoka hapo fuwele zimetawanyika kuelekea nje kama vipande vya chungwa lililokatwa katikati. Ukingoni kuna pete nyembamba, nyeupe na kahawia kwa zamu. Taa za hadubini zilimeremeta mno kwenye fuwele. Kipande cha tishu juu ya taa kikamaliza tatizo.

Ganda jeupe la nje nililidondoshea siki. Vipovu vikatoka, nikaviona kimoja kimoja. Hiyo ni kalsiamu kaboneti. Lakini ni kalsaiti, aragonaiti au vateraiti? Zote tatu kikemia ni kitu kimoja, zinatofautiana kwa mpangilio wa fuwele tu, na hapo kifaa hiki kinanyoosha mikono. Kuzitenganisha ni kazi ya maabara yenye mashine ya infraredi au eksirei.

Nilikwama pia kwenye unga. Nilikwangua jiwe kidogo, hadubini ikanionyesha mchanga unaometameta, basi. Ilibidi niazime hadubini ya kawaida ya shule niliyostaafu, nikaweka vipande viwili vya miwani ya jua ya polaroidi, inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, kimoja chini ya kioo cha sampuli na kingine juu, nikakizungusha cha juu mpaka mwanga ukazimika. Ndipo vibao vyembamba vya kolesteroli vikang'aa gizani, kimoja kimemeguka pembe.

Nyota 3 kati ya 5. Kwa umbo la ndani la jiwe, sisimizi na uzi wa kanga, inatosha. Ukienda kununua, beba laptopu yako na rula, ujaribu palepale dukani kabla hujatoa hela.

Mama watoto siku ile alipita nyuma yangu, akatazama kioo, akauliza nani kakata chungwa bila kumkaribisha.