Wachapaji fulana wanaojua ritifaa

Nilipeleka oda ya fulana za bendi yetu kwa wachapaji fulani pale Kariakoo: mbele “Good night, Dar!”, mgongoni “Rock ’n’ Roll”. Kabla ya kuchapa, dada wa kwenye kompyuta aliyakuza maandishi. Kwenye ’n’, programu ilikuwa imeigeuza ritifaa ya kwanza (alama ’ ya herufi iliyoachwa) ikawa alama ya kufungua usemi, yenye umbo la 6. Akairekebisha ikae kama 9, maana ’n’ ni kifupi cha “and”, na pale imeachwa herufi a. Ya pili inashika nafasi ya d. Koma kabla ya Dar hakuigusa, kwa sababu tunawaita watu wa Dar. Nilifurahi mno! Kazi hiyo wengi huipuuza. Rangi imetulia hata baada ya kufua. Jumamosi foleni ni ndefu, wahini asubuhi.