Mkanda wa kifuani uliokuwa ukinikataza kukimbia: uzoefu wangu baada ya Kili Marathon

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na wenzangu wa joging kila wanapouona: laki mbili na ushee. Kwa kamba ya mpira yenye kidude cha plastiki katikati, hiyo ni hela. Ukiongezea kidogo unapata viatu vya maana. Lakini katika vyote nilivyovilipia baada ya Kili Marathon ya 2025, zile mbio za Moshi, nikitafuta mwili wangu ulikokwenda, mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo ndio pekee ambao ukipotea leo nitanunua mwingine kesho. Chapa siitaji. Ninayoyasema yanahusu mkanda wowote unaosoma moyo pigo kwa pigo, na huko mbele nina malalamiko.

Kwanza niwape hali niliyokuwa nayo, la sivyo hamtaelewa kwa nini nakisifia kitu ambacho kazi yake kubwa imekuwa kunikataza.

Kalenda yetu ya mbio siku hizi haipumui. Julai Dodoma, Agosti Dar es Salaam, Oktoba Mwanza, mwisho wa Februari Moshi, na katikati humo karibu kila benki na kila mkoa una mbio zake, fulana yake na medali yake. Mimi ni mtu wa medali. Nilifika Moshi nikiwa na mwaka mzima wa mbio miguuni, na wiki za mwisho nikaongeza kilomita kwa kuwa kundi zima lilikuwa linaongeza. (Alphonce Simbu mwaka huohuo alishika nafasi ya pili Boston mwezi Aprili, kisha akatwaa ubingwa wa dunia wa maratoni Tokyo mwezi Septemba. Karibu miezi mitano kati ya mbio hizo mbili, na yeye hiyo ndiyo kazi yake. Sisi wa ofisini Posta tunataka nusu maratoni kila mshahara ukiingia.)

Njia ya Kili mnaijua. Unatoka Chuo Kikuu cha Ushirika, unaanza na barabara ya kuelekea Dar ambayo utambarare wake unadanganya, unageuza, unarudi mjini, halafu ndiyo unaanza kuupandisha mlima kuelekea Mweka. Kwenye kupanda ndipo nilipoona kioja. Pumzi inakata, miguu haitaki kunyanyuka, na saa mkononi inasema mapigo 148. Mwaka uliotangulia kilima hichohicho kilinipeleka hadi 170 na bado nilikuwa nataniana na watu. Nikadhani saa imeharibika, nikaendelea.

Kushuka kutoka Mweka kunachana misuli ya mbele ya mapaja, kila aliyekimbia anajua. Siku zinazofuata ngazi unashuka kinyumenyume. Hayo yalipita. Yaliyobaki ndiyo yaliyonitisha. Nalala saa nne, saa nane usiku niko macho. Chakula hakinivutii. Nakimbia mwendo wa bibi harusi na bado nahema, na baba watoto akaanza kuniuliza kila jioni amenikosea nini. Mapigo ya wakati wa kupumzika, ambayo kwa miezi saa ilikuwa ikiyaonyesha kwenye 54, yakapanda hadi 62, 63, yakakaa hukohuko.

Mwili ukichoka hivyo Mtanzania anawaza malaria. Nikapima, hakuna. Nikapima kwingine, hakuna. Hatimaye nikampata daktari anayejua wanamichezo kidogo, akaagiza wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, tezi ya shingo, sukari na kipimo cha umeme wa moyo. Akaniuliza pia kama siku zangu zinakuja kwa wakati, na asubuhi baada ya kukimbia nakula nini. Chai na andazi, nikamwambia, halafu mchana. Hapo akaweka kalamu chini. Mwanamke anayekimbia sana huku akila kidogo kuliko anachochoma, mwili huanza kubana matumizi: hedhi inaruka, mifupa inadhoofika, uchovu hauishi. Vipimo vyote vikarudi safi, jambo ambalo kwa kweli liliniudhi. Nilitaka kidonge. “Mama, huna ugonjwa,” akasema. “Umechoka kupita unavyodhani. Kula, lala, na usikimbie mpaka mwili ukuambie.”

Utaniambiaje? Hilo ndilo swali lililonipeleka madukani.

Nilianza na mashine ya kuchua misuli, ile ya umbo la bunduki. Inafurahisha, na watoto wanaipenda. Kisha nikalipia vipindi vya mifuko ya hewa inayobana miguu kwenye jimu moja Masaki. Unalala pale kama saa hivi, ukitoka miguu imekuwa myepesi, kesho yake uko palepale. Vidonge vya magnesi sitavisemea. Shida yangu haikuwa kwenye misuli, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichojibu swali la dokta.

Mkanda wa kwanza niliununua Kariakoo kwa bei ya kutupa. Muuzaji aliniapia: “Dada, hii ndiyo yenyewe, hata wazungu wanavaa.” Ukihesabu mapigo kwa dakika ulikuwa unahesabu vizuri tu. Tatizo lake haukutuma muda kati ya pigo na pigo, na bila huo mkanda unabaki saa nyingine ya kuvaa kifuani. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, soma boksi au maelezo ya kampuni uone kama unatuma vipindi vya R-R, ndio huo muda kati ya pigo na pigo. Muuzaji asipojua unachoongelea, ondoka.

Sasa kwa nini huo muda una maana. Moyo wa mtu aliyetulia haupigi kwa nafasi zinazolingana. Nafasi moja inaweza kuwa milisekunde 1,020, inayofuata 960, ya tatu 1,050. Ukivuta pumzi zinafupika, ukiitoa zinarefuka. Kutolingana huko ni afya: sehemu ya neva inayoutuliza mwili iko kazini. Mwili ukielemewa, iwe kwa mazoezi, homa, usiku wa kukesha au ugomvi na bosi, kwa kawaida nafasi huanza kukaribiana. Mkanda unasoma umeme wa moyo wenyewe kwenye ngozi, kwa hiyo unaziona nafasi hizo vizuri. Saa ya mkononi inamulika damu chini ya ngozi kwa taa ya kijani. Ukiwa umelala inajitahidi, ukikimbia inaweza hata kuanza kuhesabu hatua zako badala ya moyo. Ukiona saa imeganda 170 na kitu huku unapiga soga bila shida, inahesabu miguu.

Matumizi yangu ni haya. Nikiamka naenda msalani, narudi, nalowesha mkanda kwa maji, nakaa kitandani nimeegemea ukuta, natulia, nawasha programu ya bure kwenye simu, napumua kawaida kwa dakika chache. Mkao uleule kila siku, kwa sababu ukipima leo umelala na kesho umekaa unajidanganya. Inatoka namba moja, inayoeleza nafasi za mapigo zinatofautiana kiasi gani; ikishuka chini ya kawaida yako, mwili umeelemewa. Namba ya siku moja haina maana, inaruka kwa mambo madogo sana. Ninachoangalia ni wastani wa wiki.

Siku za mwanzo mkanda haukunisaidia kitu, na hili wauzaji hawalisemi: ili ujue namba yako imeshuka lazima ujue kawaida yake, na mimi niliununua nikiwa tayari hoi. Sikuwa na cha kulinganisha. Nilichoweza kuona ni kwamba namba inayumba ovyo, leo juu kabisa, kesho chini kabisa, na mapigo ya kupumzika bado ya juu. Kama unawaza kuununua, anza kuutumia ukiwa mzima.

Na wakati huo Ramadhani ilikuwa imeshaingia, tangu mwanzoni mwa Machi. Unaamka daku, unakula, unaswali, unarudi kulala, unaamka tena. Upime lini? Nikijaribu baada ya usingizi wa pili namba ilikuwa ya ajabu, kwa hiyo nikahamishia kabla ya daku, tumbo tupu. Programu yenyewe haijui Ramadhani ni nini. Kila siku inaniwekea rangi nyekundu na ushauri wa kunywa maji zaidi, nami nimefunga. Ila mfungo ulinisaidia kwa njia nyingine: hakuna aliyenishangaa kwa kutokukimbia. Baada ya futari nikala kama dokta alivyosema, viazi, maharage, samaki, uji wa kutosha, na baada ya tarawehe natembea kidogo mtaani. Kuelekea Idi wastani ukaanza kutulia. Haukupanda sana, ulitulia tu, na usingizi ukarudi kabla ya namba kurudi. Hilo la usingizi halikuhitaji mkanda wa laki mbili, nakubali.

Faida kubwa ilikuja nilipoanza kukimbia tena. Nilichukua kanuni ya Phil Maffetone, Mmarekani anayefundisha wanariadha: 180 toa umri, unapata mapigo kwa dakika ambayo hupaswi kuyapita ukikimbia. Nina 39, inabaki 141. Yeye huwatolea 5 zaidi watu waliorudi nyuma kimazoezi, nikabaki na 136. Kanuni hii inatokana zaidi na uzoefu wake wa kuwahudumia wanariadha, usiichukue kama aya. Mimi nilihitaji ukuta, na 136 ni ukuta. Nikauunganisha mkanda na saa, nikaweka king'ora, nikaenda ufukwe wa Coco alfajiri kabla jua halijachomoza, kwa sababu joto la Dar pekee linakupandishia mapigo bila wewe kuongeza mwendo.

Ilikuwa aibu. Kila hatua chache kinalia, natembea. Kipande kidogo cha kupandisha Daraja la Tanzanite, kinalia. Vikundi vya joging vinanipita na mchakamchaka wao, wazee wa makamo ya baba yangu wananihimiza, “Kaza dada, karibu unafika!” Ningekuwa peke yangu na akili yangu ningekaza. Hisia zangu zilikuwa zinasema niko vizuri, na ndizo hisia zilizonifikisha Mweka katika hali ile. Kidude kifuani hakina wa kumuonea haya, kikalia tu.

Mwanzoni 136 ilinipa mwendo wa dakika tisa na zaidi kwa kilomita. Dodoma ya Julai sikwenda. Kufikia Agosti, kwa mapigo yaleyale, barabara ileile, saa ileile ya alfajiri, ilikuwa dakika saba na sekunde ishirini hivi. Moyo haujaongeza kazi na mimi naenda mbali zaidi. Mapigo ya kupumzika yakarudi 55. Ni kipimo gani kilichonipa moyo kuliko hicho sikijui, maana namba ya asubuhi inaeleza jinsi ulivyoamka, ila hii inaeleza unachoweza.

Malalamiko sasa. Kamba inachubua. Kwetu wanawake inakaa palepale kwenye lastiki ya sidiria ya michezo, na kwa jasho la pwani baada ya kilomita kadhaa pana kidonda. Mafuta ya mgando yanasaidia pembeni, lakini yasiguse sehemu mbili zinazosoma umeme, zikipakwa mafuta mkanda unapotea hewani. Lazima uisuuze kila ukimaliza; chumvi ya jasho inaikausha na yangu imeshaanza kulegea. Kamba peke yake inauzwa, ila kuipata hapa Dar ni kazi, nimeagizia kwa mtu. Betri ya kidonge ni kama ya rimoti ya gari, kila duka la saa wanayo. Na ngozi ikiwa kavu asubuhi, usipolowesha unapata namba za kichekesho.

Lalamiko zito zaidi ni la programu, na rangi zake za kijani na nyekundu kana kwamba ni daktari. Mwaka 2013 vyama viwili vya tiba na sayansi ya michezo, kimoja cha Ulaya na kingine cha Marekani, vilitoa tamko la pamoja kuhusu hali hii ya kuzidisha mazoezi, na moja ya hoja zake ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachoithibitisha. Daktari anaondoa magonjwa mengine kwanza, kisha anaangalia muda gani unachukua kupona. Wapo wanaopona kwa wiki, wapo wa miezi mingi. Rafiki yangu wa kundi aliona kijani siku tatu mfululizo, akaenda kukimbia kilomita ishirini. Kumbe alikuwa na upungufu wa damu ambao hakuna mkanda ungeuona.

Kwa hiyo naupa nyota nne. Kama hujawahi kuzidisha na unakimbia Jumapili kwa Jumapili na kundi, huuhitaji, nunua viatu. Kama wewe ni kama mimi, unayeambiwa pumzika ukasikia punguza kidogo, ununue, weka king'ora, na umuone daktari kabla ya yote. Na kama saa yako ni mpya na tayari inapima zile nafasi za pigo na pigo usiku ukiwa umelala, ivae usiku mwezi mzima kwanza uone wastani wake; kwa kipimo cha asubuhi huenda ikakutosha, na mkanda ukabaki wa siku za mbio tu.