TP-Link EAP225: waifai iliyofika mpaka chumba cha mwisho

Kama nyumba yako ina chumba ambacho waifai hufika ikiwa hoi, na unaweza kupitisha waya wa mtandao mpaka huko, nunua EAP225, kifaa cha kurusha waifai kinacholetewa mtandao kwa waya, au kingine cha aina yake, na ripita, zile zinazodaka waifai ya ruta na kuirusha tena, uachane nazo. Nimeishi na vyote viwili, ndiyo maana nasema bila kusita.

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu kubwa ni mikutano ya video, na sauti ikikatika katikati ya sentensi kuna mtu upande wa pili anayebaki hajui ameambiwa nini. Ruta yetu iko sebuleni, pale mtoa huduma alipoingizia faiba. Chumba cha kazi kiko mwisho wa korido, na katikati kuna kuta mbili za zege na bafu. Hilo bafu ndilo lililotutesa: mabomba, tangi la maji ya moto, na kioo kikubwa ukutani. Nondo za kwenye zege na utando wa metali ulio nyuma ya kioo huyarudisha mawimbi yalikotoka, na maji huyanyonya. Masafa ya gigahezi 5, yaliyo na kasi, yalikuwa hayafiki kabisa. Ya gigahezi 2.4 yalifika, lakini kwa kujikokota.

Kabla ya hapo tulikuwa na ripita ya kuchomeka ukutani. Simu ilionyesha vipimo vyote vimejaa, huku mkutano ukikwama vilevile. Sababu yake inafaa kueleweka kabla hujatoa pesa. Ripita ya kawaida yenye redio moja husikiliza ruta na kuongea na simu kwa redio hiyohiyo, kwa hiyo kila kitu kinapita hewani mara mbili, na kasi hushuka karibu nusu. Vile vipimo vya kwenye simu vinakuambia unaisikia ripita vizuri. Ripita yenyewe inaisikiaje ruta, havisemi. Ukiiweka chumbani kwenye mawimbi dhaifu, itakurudishia udhaifu uleule kwa sauti kubwa.

EAP225 haiombi chochote hewani. Inaletewa mtandao kwa waya, kisha inaanza kurusha upya palepale unapoihitaji, kwa masafa yote mawili. Tulipitisha waya kwenye pembe ya juu ya korido, ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki, na kifaa tukakifunga darini nje kidogo ya mlango wa chumba. Chumbani sasa kompyuta inapata karibu kasi yote tunayolipia, kwa gigahezi 5, na mikutano imetulia. Nikiwa kazini sauti haikatiki, na kwangu hicho ndicho kipimo.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni umeme. Darini hakuna soketi, na haihitajiki: umeme unapanda kwenye waya uleule unaobeba mtandao. Ndani ya boksi kuna adapta ndogo yenye matundu mawili. Moja linaunganishwa na ruta, jingine linakwenda darini. Ukiwa na swichi ya mtandao inayotoa umeme kwenye waya kwa kiwango cha 802.3af, adapta hiyo haihitajiki. Ila tahadhari: adapta ya kwenye boksi ni ya volti 24 na inasukuma umeme bila kuuliza kilichochomekwa ni nini. Usije ukachomeka kompyuta kwenye lile tundu la kwenda darini.

Na waya usiuchukulie poa. Chukua wa Cat5e au Cat6 wenye shaba tupu ndani. Kuna nyaya za bei ya chini ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Zinapoteza umeme mwingi njiani na hukatika kirahisi zikikunjwa. Waya mzuri unabeba gigabiti nzima mpaka mita 100, umbali ambao nyumba ya kawaida haiufikii.

Mipangilio hufanywa kwa kivinjari au kwa programu ya Omada kwenye simu. Mambo ya kuzingatia si mengi. Jina la waifai na nywila viwe sawa na vya ruta, ili simu ihame yenyewe. Chaneli ziwe tofauti: kwenye gigahezi 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11, kwa sababu hizo haziingiliani. Kisha punguza nguvu ya kurusha, ya ruta na ya kifaa kipya pia. Watu wengi wanashangaa nikisema hivi, lakini simu ndiyo inayoamua lini ihame, na ikiwa bado inaisikia ruta ya mbali itaendelea kuing'ang'ania hata ikiwa chini kabisa ya kifaa kipya. Kwangu niliweka kiwango cha kati, na simu ikaacha kung'ang'ania.

Namba za kwenye boksi, megabiti 450 na 867 kwa sekunde, ni kasi ya hewani katika hali bora kuliko zote, na vifaa vyote vinagawana. Halisi utakayoiona ni kama nusu yake au pungufu. Pia ni kizazi cha 802.11ac, yaani Wi-Fi 5, kwa hiyo simu mpya za Wi-Fi 6 zitafanya kazi bila kutumia uwezo wao wote. Kwetu halijawa tatizo, kwa kuwa laini yenyewe ya intaneti ndiyo inayofika kikomo kwanza. Mwenye laini ya gigabiti nzima atafute kifaa cha kizazi kipya zaidi.

Kama una ruta ya zamani kabatini, ijaribu kwanza, hasa ikiwa soketi ipo karibu. Ingia kwenye mipangilio yake, uipe anwani isiyogongana na ya ruta kubwa, mfano 192.168.1.2 kama kubwa ni 192.168.1.1, uzime DHCP ili kazi ya kugawa anwani ibaki kwa mmoja, halafu chomeka waya kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Dada yangu anatumia hivyo kwake na ameridhika. Mimi nilichagua EAP225 kwa sababu ya dari na kwa sababu ya ule umeme wa kwenye waya. Na kama kijitaa cha EAP225 kinakukera usiku, kwenye mipangilio kuna mahali pa kukizima.